Walisema Niliitoa kwa Kinyongo

Nianze na hili kabla hasira haijanipeleka kwingine: figo yangu haikufa kwa sababu ya kinyongo. Iliingia kwa mdogo wangu ikiwa nzima, ikaanza kutoa mkojo palepale mezani kabla hawajamaliza kumshona, na daktari aliyekuja kuniambia habari hiyo alikuwa anacheka. Ikafanya kazi miezi kumi. Halafu ikafa, na ukoo ukakaa kikao Iyula, sebuleni kwa mama yangu, kunieleza kwamba niliiua mimi kwa moyo wangu mbaya.

Watu huniuliza kwa nini bado nina hasira. Swali lenyewe linanipandisha.

Mdogo wangu ni fundi umeme wa malori Tunduma. Foleni ya kuvuka kwenda Zambia ikirefuka hadi Mpemba, yeye alikuwa anashinda chini ya malori na tochi mdomoni, anaunganisha nyaya, madereva wamesimama juu yake wanamharakisha kwa lugha tatu. Alikuwa na presha. Alijua au hakujua, mpaka leo sijapata jibu linaloeleweka. Alikuwa na kichwa kinachomuuma kila siku na alikitibu kwa panadol na soda. Siku alipovimba uso akashindwa kufunga viatu, figo zote mbili zilikuwa zimeshakwisha. Tukaanza kwenda Mbeya kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, asubuhi ya mapema tukiwa tumejifunika makoti, na yeye anarudi jioni amekauka, hana hata hamu ya kugombana na mimi. Hapo ndipo niliogopa. Tangu utoto hajawahi kukosa hamu ya kugombana na mimi.

Mimi ni karani kwenye ofisi ya wakala wa forodha, palepale mpakani. Sina mume, nina mtoto mmoja aliyeko sekondari ya bweni. Hakuna aliyeniomba figo. Nilijipeleka mwenyewe kupimwa, nikawaambia baadaye. Siku ya kuagana tukaenda Iyula kwa mama, nyumba imejaa, na mimi nikafanya utani, kama nilivyozoea. Nikasema, "Huyu tangu anazaliwa ananichukulia vitu vyangu. Alianza na kitanda, akachukua baiskeli, sasa amefika kwenye figo." Watu walicheka. Shangazi, dada yake marehemu baba, alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Naomba kicheko chake kikumbukwe, kwa sababu yeye alikisahau.

Hospitali ilikuwa ya mbali, mkoa mwingine kabisa. Daktari wetu alikuwa mama wa makamo, mpole kwa sauti na mkali kwa macho. Kabla ya upasuaji alituita wawili, akageuza fomu upande usioandikwa, akachora bomba.

"Figo ni mishipa," akasema. "Ukiondoa mishipa midogo ya damu, hakuna cha maana kinachobaki." Akachora duara ndani ya bomba. Ukuta wa ndani wa mshipa, akasema, umetandikwa seli, safu moja tu, zimebanana kama vigae. Figo yangu ikihamia kwa mdogo wangu, seli zile hazitageuka kuwa zake. Zitabaki zangu. Damu yake itakuwa inapita juu ya ukuta wangu kila dakika, mchana na usiku, na kitu cha kwanza damu hiyo itakachogusa ni mimi.

Kwenye ngozi ya kila seli kuna alama, akaendelea, na kinga ya mwili inatambua watu wake kwa alama hizo. Nusu mtu anazipata kwa baba, nusu kwa mama. Mimi na mdogo wangu tumefanana nusu.

"Na nusu nyingine?" nikauliza.

"Nusu nyingine ni wewe."

Akasema seli zikiwa zimetulia zinaonyesha alama chache. Zikichokozwa, kwa homa, kwa maambukizi, kwa chochote kinachoamsha kinga, zinatoa alama nyingi nje, hata zile ambazo kwa kawaida zinafichwa. Askari wa mwili wakiziona wanaitana. Wanatengeneza silaha za kunasa kwenye ule ukuta, mishipa inavimba, damu inaganda ndani yake, na figo inakosa damu huku imezungukwa na damu. Vidonge atakavyomeza maisha yake yote, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kazi yake ni kuwalaza askari hao.

Nikamwambia nimeelewa, kwa sababu hayo ndiyo maisha ya ofisini kwetu. Siku za kawaida pale mpakani mama muuza nyanya wa Nakonde, upande wa Zambia, anavuka na beseni lake, askari anamsalimia na kumuuliza habari za watoto, hakuna anayeuliza karatasi. Siku pakiwa na vurugu, kila mtu anatoa kitambulisho, na yule mama wa kila siku anaonekana ni mgeni. Hajabadilika. Ameulizwa tu.

Daktari akanitazama kidogo. "Basi wewe ndiye nitakayekuachia maneno haya," akasema. "Nyumbani mtaletewa mizizi, unga, maji ya magome, kila kitu cha kuongeza kinga. Wataleta kwa upendo. Mkatae."

"Nitakataa," nikasema.

Nimeandika neno hilo hapa kama nilivyolitamka. Wala hakuniuliza mara mbili.

Tuliruhusiwa kurudi baada ya miezi miwili, na mama akasema mgonjwa anakuja Iyula, hakuna mjadala, Tunduma ni vumbi na malori. Kwetu mgonjwa akirudi hawezi kuachwa apumzike. Kila mwenye miguu anakuja kumwona, na kila anayekuja ana kitu mkononi. Kuku, mayai, unga wa ulezi, maharage. Jumapili tukafanya ibada ya shukrani, mchungaji akamsimamisha mdogo wangu mbele, akamfunua shati kidogo ili waumini waone kovu, wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa na kovu refu kuliko lake. Hakuna aliyeniita mbele, na sikutaka kuitwa, lakini niliona kwamba sikuitwa.

Baada ya ibada akaingia baba mdogo kutoka Isongole. Huyu ndiye mkubwa wa ukoo wetu siku hizi, mtu wa milimani, mwembamba, mwenye kofia ya sufu, anayesalimiwa kwa kupigiwa magoti hata na watu wenye magari. Alikuwa amebeba dumu la njano la lita tano. Akalifungua, harufu ikajaa sebule: majani yaliyooza, na kitu kingine kama chuma chenye kutu. Maji yenyewe yalikuwa mekundu, vipande vya magome vinaelea.

"Hii itampandishia kinga," akasema. "Nimechimba mwenyewe."

Nikasema hapana. Ningeweza kumvuta pembeni, nikapiga goti, nikasema taratibu. Sikufanya hivyo. Nilikuwa na mshono unaowasha na siku tatu za kusalimia watu. Nikasimama mbele ya wageni wote nikasema asipewe, asionje, hata kijiko. Mtu huyu anatakiwa kinga yake ishuke, ndivyo daktari alivyosema.

Sebule ikanyamaza. Naelewa sasa nilichokisema, hata wakati ule ungenipa dakika moja ningeelewa. Kwetu kinga kushuka ni jambo moja tu. Limeshazika watu wengi mno katika barabara hii ya malori, na kati yao ni dada yake mama, aliyefia mikononi mwa mama, mwepesi kama mtoto.

"Dada yangu nilimzika kwa kinga kushuka," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Leo unaniambia nimshushie mwanangu?"

"Ndiyo, mama! Ndivyo hasa!" Nilipiga kelele. Mbele ya watu, kwa mama yangu.

Mama akalichukua dumu, akaenda nalo jikoni. Baba mdogo akavaa kofia yake. Nikasikia mtu mmoja nyuma yangu akimnong'oneza mwenzake kuhusu zile dozi za saa mbili, na mwenzake akaitikia, "Ehee." Kufikia Jumanne Iyula nzima ilikuwa inajua mdogo wangu ana ugonjwa gani, ugonjwa ambao hana. Kufikia mwisho wa mwezi habari ilikuwa imefika kwa mafundi wenzake Tunduma. Simu yake ikilia saa mbili wanaambiana, "Fundi, kengele yako," na wanacheka. Mmoja aliacha kunywa maji kwenye kikombe kimoja naye. Siku moja nilikuwepo, nikamwambia yule kijana maneno ambayo siwezi kuyaandika, mpaka dereva wa Kizambia akashuka kwenye lori lake akinituliza, "Mama, mama, mukwai, tafadhali, basi." Mdogo wangu alinawa mikono kwa petroli na sabuni, akameza vidonge vyake mbele yao wote, taratibu, akarudi chini ya lori.

Hakuruka hata siku moja. Naliandika hili kwa sababu baadaye alilaumiwa kwa kuruka.

Wakati huo alikuwa amekwisha kurudi kazini kidogokidogo, siku za kazi yuko Tunduma, Ijumaa anakwenda kwa mama mpaka Jumatatu. Majibu ya vipimo yalikuwa yanakuja mazuri. Nilijua mama anamnywesha lile dumu kwa siri. Nilikuwa na uhakika kama nilivyo na uhakika na jina langu. Nikajiambia tuna bahati, figo yangu ni sugu. Nikawa nimemkasirikia mama kimyakimya, ile hasira ya kupiga simu mara moja kwa wiki badala ya mara tatu.

Mwezi wa tano hivi tangu turudi, baba mdogo akanipigia. Akasema kuna mzigo wa mama yangu ameupakia kwenye gari la abiria linalotoka Isongole, niupokee Mpemba, niufikishe. Sikuuliza mzigo gani. Nikaenda, kondakta akanikabidhi dumu la njano limefungwa kwa kitenge kikuukuu na kamba ya mkonge. Nikaliweka miguuni ndani ya gari la kwenda Vwawa, njia ya Iyula. Kabla hatujafika mbali harufu ikapanda.

Niliijua. Sitaki kujidanganya katika hili, nimeshajidanganya vya kutosha. Niliijua harufu ile kabla ya abiria aliyekaa karibu nami kufungua dirisha. Ningeweza kushuka popote nikalimwaga mtaroni. Lakini nilikuwa nimeshamkosea baba mdogo mbele ya watu, na ukoo mzima ulikuwa unanisema kwamba tangu nitoe figo nimekuwa mtu wa juu, siambiliki. Nilichoka kuwa yule anayesema hapana. Nikasema moyoni, la kwanza limekwisha kunywewa na hakuna kilichotokea. Nikafika Iyula, nikaliweka mezani mbele ya mama. Alilitazama dumu, akanitazama mimi, kwa muda mrefu kidogo. Sikusema kitu. Nikaomba maji ya kunywa, nikawahi gari la kurudi.

Miezi mitatu baadaye mdogo wangu alipata homa. Akafuata kuvimba, maumivu juu ya ile figo, upande wa chini kulia, na mkojo ukawa kidogo kama wa mtoto. Mbeya walipima wakatuambia msipoteze muda, nendeni kulekule. Tukasafiri siku nzima, yeye ameegemea bega langu, mzito, anapumua kwa mdomo. Wakachukua kipande cha figo kwa sindano wakakipima.

Daktari yuleyule. Safari hii hakuchora. Akasema kinga imeamka. Imetengeneza silaha dhidi ya zile alama za kwenye mishipa, zimenasa ukuta mzima, na mishipa midogo inaziba. Nilimsikiliza nikiwa na mkono juu ya kovu langu. Nilikuwa nazifikiria zile seli zangu, zimekaa humo ndani miezi kumi bila kumsumbua mtu, halafu kitu kimezichokoza zikajionyesha, na mwili wa mdogo wangu, mtoto niliyembeba mgongoni mama akiwa shambani, ukaziona na kusema, huyu ni nani.

Kisha akamgeukia yeye. "Kiwango cha dawa kwenye damu yako kiko chini mno. Ama unaruka vidonge, ama kuna kitu unakunywa. Kuna mizizi inayolifanya ini lichome vidonge hivi kabla havijafanya kazi. Na kuna inayoamsha kinga yenyewe. Mlikuwa mnampa chochote?"

Mdogo wangu akanitazama. Aliendelea kunitazama, akisubiri. Nilidhani ananisihi nisimtaje mama.

"Hapana, daktari," nikasema.

Basi daktari akamgombeza. Alimgombeza kwa upole, jambo ambalo ni baya zaidi. Akamwambia watu wanaoruka vidonge wanatupa zawadi ya mwenzao. Mdogo wangu alisikiliza mpaka mwisho, macho yakiwa sakafuni, akasema, "Samahani, daktari." Nilikaa pale na mikono yangu miwili mapajani. Nilijiambia namlinda mama. Nilijiambia ukweli hautarudisha mishipa.

Walimpa dawa za nguvu, wakamsafisha damu kuondoa zile silaha, siku baada ya siku. Haikusaidia. Siku waliyosema imekwisha, hawakutumia neno kufa. Walisema imeacha kufanya kazi, kama redio. Tukarudi kwenye mashine ya Mbeya, siku zilezile tatu, na kiti kilekile kama kikiwa wazi.

Sasa nifike kwenye kikao.

Binamu yetu, mtoto wa mama mdogo aliyeolewa Nakonde, alituma ujumbe kwamba yuko tayari kupimwa. Msichana mkubwa, mwenye afya, mwenye moyo wa kunishinda. Ukoo ukasema vizuri, ila kwanza tutazame figo ya kwanza ilikataliwa kwa nini. Maana kwa upande wa baba, watu wa milima ya Ileje, mgonjwa asipopona hawatazami ugonjwa peke yake. Wanakaa wanatafuta nani ana neno moyoni na huyu mtu. Mwenye neno analisema mbele ya wote, bila kukatizwa, anachukua maji mdomoni, anayatema chini, na hapo neno limetoka, mgonjwa anaweza kupona. Kanisani hatutangazi jambo hili, lakini nimewaona hata wazee wa kanisa wakitema.

Nilidhani nimeitwa kama ndugu. Nilipokuta kiti kimoja kimewekwa katikati ya sebule na kikombe cha bati chini yake, nikajua nimeitwa kama mshtakiwa.

Shangazi ndiye aliyeanza. "Siku ya kuagana," akasema, "huyu alisema mdogo wake anamchukulia vitu tangu utoto. Kitanda. Baiskeli. Figo. Sote tulisikia."

Sote tulisikia! Nikamtazama usoni yule mama aliyecheka mpaka akalia. Mkwe mmoja akaongeza kwamba sikuonekana na furaha kwenye shukrani. Mwingine akasema kitu kilichotolewa na mkono uliokunjwa hakiwezi kukaa kwa mtu. Baba mdogo hakusema nilimfedhehesha, alisema tu, "Mama, hatukuhukumu. Sema kinyongo chako, uteme, tumnusuru mtoto." Akaniita mama, kwa heshima yote, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Kovu langu lina urefu wa shibiri. Siwezi kubeba ndoo kichwani tangu siku ile bila kuhisi ubavu unavutwa. Na watu ambao hawakutoa hata jino walikuwa wamekaa kwenye makochi wananiambia niliitoa vibaya.

Mdogo wangu alikuwa kwenye kochi la mama, amejifunika shuka, na bandeji ya mashine mkononi. Hakuinua macho.

Ningeweza kukubali. Nilikwisha kuamua njiani kwamba nikiulizwa nitakubali chochote, niteme, niende zangu. Lakini nikamfikiria yule binamu wa Nakonde akipasuliwa ubavu kama mimi, figo yake ikiletwa katika nyumba hii, na dumu la tatu likiteremka kutoka Isongole. Nikainuka kwenye kile kiti.

"Mnataka kinyongo? Kipo," nikasema. "Kilichokula ile figo kiko jikoni kwenye dumu la njano. Daktari alikataza. Nilikataza mimi, hapahapa, mkaninyamazia kama mwendawazimu. Baba mdogo alileta, mama akamnywesha. Kwa siri, kwenye uji, tangu siku ya kwanza. Mizizi ile ilizichoma dawa zake, ikaamsha kinga yake, kinga ikaikuta figo yangu. Huyo mtoto hajaruka kidonge hata siku moja. Mmeiua wenyewe kwa upendo wenu, halafu mnaniwekea kikombe!"

Baba mdogo alivua kofia. Nilimtazama mama nikitaka alie, sioni haya kusema, nilitaka nimwone akilia.

Mama hakulia. Alikuwa amekunja uso, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Tangu siku ya kwanza?" akauliza. "La kwanza nililimwaga."

"Ulimwaga wapi?"

"Kwenye migomba. Siku ileile, wageni hawajaondoka. Uliponipigia kelele nikasema, huyu ndiye aliyekaa na daktari, anajua. Nikalimwaga lote, baba yako mdogo asione." Akanyoosha mkono kuelekea dirishani, kule migomba ilipo. "Halafu ukaja na la pili. Ulilibeba mwenyewe, mwanangu. Ukaliweka hapa mezani. Nikakutazama nikasubiri useme, hukusema. Nikajua umemuuliza daktari, ameruhusu. Ningelimwaga vipi tena, wakati wewe ndiye uliyelileta?"

Mdogo wangu ndipo akainua macho, na yalikuwa yaleyale aliyonitazama nayo mbele ya daktari.

"Mimi pia nilijua hivyo, dada," akasema. "Mama aliniambia wewe ndiye umeleta. Nikanywa. Kule hospitali nilikusubiri useme, uliposema hapana, nikadhani una sababu yako."

Shangazi akainama, akachukua kikombe cha bati, akanipa mkononi. Nikachukua maji mdomoni. Yalikuwa ya mtungini, ya baridi, yana ladha ya udongo. Nikayatema, yakaanguka miguuni pangu mwenyewe, na wazee wakaitikia kwa pamoja kwamba limetoka, limekwisha. Halikutoka. Hasira yangu ilikuwa imegawanywa kwa watu wengi, kwa shangazi, kwa mafundi wa Tunduma, kwa baba mdogo, kwa mama, na sasa ilirudi kwangu yote.

Kesho yake ilikuwa zamu yake ya mashine. Tukaondoka mapema, mimi na yeye, na mama ambaye hakuwahi kutusindikiza Mbeya, safari hii amevaa viatu vyake vya kanisani. Njiani nilimpigia daktari wa mbali. Nikamwambia mdogo wangu hakuruka vidonge, kwamba kulikuwa na mizizi, na kwamba niliyeileta ni mimi. Akauliza jina la mti. Nikampa mama simu, amtajie.